Usiuze fuawe la babu kwa kilo!

USHAWAHI kuona mtu anauza gitaa kwa kilo? Au mtu kachukua cherehani ya marehemu bibi yake, kaining'iniza kwenye mzani kama anauza viazi, halafu kahesabiwa noti na kuondoka akipiga mluzi? Utasema huyo jamaa kachanganyikiwa, apelekwe haraka kwa wataalamu.

Basi msomaji wangu, kule Kagera, katika wilaya za Biharamulo na Ngara, nimeyaona mambo ya namna hiyo mchana kweupe na hakuna aliyeshtuka. Mzee mhunzi akifariki, matanga yakiisha, anapita kijana na mzani na gunia. Nyundo, koleo, tindo, fuawe, vyote vinapimwa pamoja na rejeta iliyotoboka na sufuria lililochoka. Kilo ni kilo. Karakana iliyolisha familia miaka arobaini inaondoka juu ya pikipiki.

Kwa masela wa mjini ambao neno "mhunzi" walilisikia mara ya mwisho wakiwa shule ya msingi, nawakumbusha. Mhunzi ni fundi anayefua chuma kwa moto akatoa jembe, panga, shoka au kisu. Fuawe ni lile chuma zito analowekea kazi yake na kuligonga. Vijijini wengi wala hawasumbuki na jina hilo. Wanasema "chuma cha kugongea" au "reli", kwa sababu mara nyingi ni kipande cha reli kweli.

Najua mnajiuliza, huyu mwandishi wetu wa mapishi na mapenzi kafuata nini kwenye masizi? Jibu ni fupi: nimefuata zana za mtumba. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kamaliza mafunzo ya ufundi chuma katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Cheti anacho, kimetiwa fremu na kutundikwa sebuleni kama picha ya harusi. Lakini cheti hakipigi msumari. Kijana alikuwa anashinda kijiweni akisubiri "mtaji", na mtaji nao, kama mnavyomjua, hana tabia ya kuja kwa miguu yake. Nilipoulizia bei ya zana mpya madukani nilinyamaza, nikanunua soda nikaenda zangu. Ndipo likanijia wazo la kwenda kuzitafuta zile zilizokwisha kufanya kazi.

NYUMBANI KWA CHUMA

Kwa nini Kagera na siyo Kariakoo? Kwa sababu kule ndiko nyumbani kwa chuma. Pale Katuruka, si mbali na Bukoba, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alichimbua mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma yaliyotumika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Miaka ya 1970 aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru na kuyeyusha chuma kama walivyofanya baba zao. Wazee hao hawakuwa wameifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, lakini waliikumbuka na chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hiyo katika jarida la Science, wakidai kwamba mafundi hao walikuwa na ujanja wa kuipasha moto hewa kabla haijaufikia mkaa. Wasomi wengine wamebishana nao kuhusu ujanja huo, na ubishi wa wasomi hauishi leo. Ila kwamba chuma kilitengenezwa pale enzi na enzi, hilo halina mjadala.

Shuka kusini mpaka Biharamulo, ukielekea upande wa Geita, utakutana na sifa za Warongo. Hawa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma, na lililowaunganisha ni kazi kuliko kabila, maana miongoni mwao walikuwamo watu wa asili mbalimbali. Majembe ya mafundi wa eneo hilo yalisafiri mpaka Usukuma na Unyamwezi, na huko hayakuishia shambani. Yalilipiwa mahari. Fikiria, mshikaji, unakwenda ukweni umebeba majembe begani, na baba mkwe anayagonga moja moja asikilize mlio kabla hajakupa binti!

Wakoloni walipoleta majembe ya viwandani ya bei rahisi, matanuru yakazimika. Lakini uhunzi haukufa. Wahunzi waliacha kuyeyusha mawe, wakaanza kufua vyuma vilivyotoka kwenye magari. Na magari kule hayakosekani. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita Nyakanazi, yanapumua Lusahunga, kisha yanakwenda kuvuka kwenye daraja la Rusumo au yanachepuka kuelekea Kabanga. Lori likivunja springi, dereva analia, mhunzi anacheka.

Halafu kuna ile historia ambayo Ngara haitaisahau. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wamebeba kile kilichowezekana kubebwa. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wanyarwanda karibu wote walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Warundi ya Lukole ikafungwa mwaka 2008. Penye watu wengi namna ile mafundi hawakosekani, na zana zao zilibadilishana mikono. Mzee mmoja jirani na Benaco alinionyesha koleo refu lenye mdomo kama wa bata. Alilinunua kwa mhunzi Mrundi aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Hakukubali kuliuza, hata nilipopandisha dau mara mbili.

JINSI YA KUKWEPA KIMEO

Mwalimu wangu wa kwanza nilimpata wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara ya kwenda Lusahunga. Amekaa kwenye kigoda, kijana wake anazungusha rimu ya baiskeli iliyofungwa mkanda, mkanda unazungusha feni, feni inapuliza mkaa. Ndiyo mvukuto wa kisasa huo. Mifuko ya ngozi ya mbuzi kaitundika ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta kazi au umekuja kununua?"

"Kununua, mzee. Natafuta zana zilizotumika."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na isiyotumika ni zana ya nini, mwanangu?"

Alinipa darasa la mchana mzima, nami nalipitisha kwenu bure. Fuawe kwanza. Usilinunue kwa macho. Chukua gololi ya beringi kubwa, iachie kutoka usawa wa kiuno. Ikiruka juu kwa nguvu, uso wa chuma ni mgumu na unafaa. Ikidondoka puu kama embe bovu, hilo ni kimeo: ama ni laini, ama lina ufa ndani. Kisha ligonge kwa nyundo ndogo. Zima hulia kama kengele, bovu huguna. Kona zilizomeguka kidogo zisikutishe, ila ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, uogope.

Ukipata kipande cha reli, usikilaze. Kikilala kinarukaruka kila ukigonga na nguvu yako inapotea. Kisimamishe wima ndani ya gogo gumu, ili uzito wote ukae chini ya nyundo. Kimo chake kiwe sawa na vifundo vya ngumi yako ukiwa umesimama umelegeza mkono. Kikiwa chini ya hapo utavunjika mgongo, kikiwa juu utavunjika bega.

Nyundo ya kuanzia iwe ya kilo moja hadi moja na nusu. Masela wanapenda kubeba linyundo kubwa ili waonekane wanaume, baada ya nusu saa mkono unatetemeka hata kikombe cha chai hakishikiki. Uso wake uwe laini na wenye mbinuko kidogo, kwa sababu kila shimo lililo kwenye nyundo litajichapa kwenye kazi yako. Kama kingo zake zimechanua kama uyoga, zisage kwanza kwa grenda. Usipofanya hivyo, siku moja kipande kitaruka, na jicho halina spea.

Koleo liinue kwenye mwanga, ulifunge, uangalie midomo inavyokutana. Lililopinda siyo bovu, unalipasha moto unalirudisha kwenye mstari. Linalotakiwa kukaguliwa ni ile ripiti ya katikati, isiwe imelika. Na usiridhike na koleo moja, kwani kila unene wa chuma unataka mdomo wake. Tupa iliyoisha meno nayo usiitupe. Chuma chake ni kigumu sana, ukikipoza vizuri kwenye moto unapata kisu cha kunyolea hata ndevu za beberu.

Nikamuuliza mzee, kwa dunia hii ya bidhaa za viwandani, wateja anawatoa wapi? Akaninyooshea kidole kwenye lundo la patasi nene zilizochongoka, zile ambazo wachimbaji wadogo wa dhahabu huziita moko. Mwamba unazila makali kila siku, na kila siku lazima zirudi kwenye moto. Duka haliuzi huduma hiyo.

Nikaikalia kazi hiyo kuitazama. Ncha ya moko inapashwa mpaka inang'aa rangi ya chungwa, inafuliwa, kisha inapashwa tena kidogo kidogo. Mzee ana kipande cha sumaku alichotoa kwenye spika mbovu. Sumaku ikigoma kushika ile ncha ya moto, ujue chuma kimefikia joto lake, kinachovywa. Springi ya gari yeye huichovya kwenye oili chafu, kwa sababu maji yanaipoza kwa pupa na inaweza kupasuka. Ikitoka hapo ni ngumu lakini inavunjika kama kioo, kwa hiyo anaisugua ing'ae na kuipasha tena taratibu mpaka rangi ya majani makavu ipite juu yake, halafu kahawia, halafu ielekee zambarau. Anaisimamisha hapo. Kichwa cha moko, kule kunakogongwa, hakichovywi kabisa. Kinabaki laini ili kisimrukie mchimbaji usoni.

Yote hayo hakuyasoma popote. Alionyeshwa na baba yake, kwenye fuawe hilohilo.

BIBI NA MZANI

Sasa tuingie Ngara kwenyewe. Dereva wa bodaboda alitudokeza kuhusu boma moja nje ya mji, mhunzi wake alifariki na vyombo vipo. Tulipofika, mimi na mdogo wangu, tukakuta tumetanguliwa. Mzani umeshaning'inizwa kwenye tawi la mparachichi. Chini yake kulikuwa na fuawe, nyundo tatu, makoleo matano na gunia la tupa. Mnunuzi wa skrepa anapuliza vumbi kwenye daftari lake. Mjukuu wa marehemu, kijana wa miaka kama kumi na tisa, anahesabu kwa vidole.

Simlaumu yule kijana. Alitaka nauli ya Mwanza na kitu kidogo cha kuanzia kuuza makava ya simu. Mshiko ni mshiko. Wala simlaumu mnunuzi, naye anatafuta riziki. Vyuma hivyo huishia kwenye viwanda vinavyoviyeyusha na kuvifanya nondo, na nyumba zetu zinazihitaji hizo nondo. Lakini nilipoliangusha gololi juu ya lile fuawe, liliruka karibu lirudi mkononi. Moyo ukanienda mbio. Nikataja bei yangu, juu zaidi ya ile ya mzani. Mjukuu akatabasamu. Nikajua dili limeiva.

Kumbe mwenye mali alikuwa bado hajasema. Bibi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nani kati yenu anajua kulipiga hilo?"

Nikamwonyesha mdogo wangu. Bibi akaingia ndani, akarudi na jembe lililolika mpaka limebaki kama kijiko. Akasema tangu mzee aondoke, majembe ya namna hiyo yanatupwa, kwa sababu hakuna wa kuyaongezea chuma, na kwenda mjini kununua jipya siyo kila mtu anaweza kila msimu. Kisha akasema neno lililonikata maini. "Mkilichukua kwa kilo au mkilichukua kwa bei nzuri, kwangu ni sawa tu. Limeondoka."

Kimya kikapita. Mnunuzi wa skrepa akaangalia saa.

Bibi akatoa masharti yake. Zana hauzi. Kama huyu kijana mwenye cheti anaweza kazi, akae, afanyie hapohapo chini ya bati la mzee, alipe kodi kidogo kila mwezi, na amfundishe mjukuu. Anampa miezi mitatu. Ikishindikana, mzani urudi kwenye mparachichi na yeye hatasema neno.

Mjukuu alinuna, acha! Mdogo wangu naye alinitazama kwa macho ya kuomba msaada, maana alitarajia kurudi mjini na zana, siyo kubaki kwenye migomba. Nikamwambia, mjini una cheti na huna nyundo. Hapa kuna nyundo, kuna wateja, na kuna jembe la bibi linakusubiri. Alikuna kichwa, akavua saa yake, akauliza mkaa uko wapi.

Mnunuzi alikunja mzani wake bila kinyongo. "Bibi, nitapita tena," akasema. Na atapita kweli, yule siyo mtu wa kusahau njia. Fedha niliyoibeba kwa ajili ya kununulia zana ikaishia kwenye feni, mkaa wa kuanzia na miwani miwili ya kuzuia cheche. Naandika makala haya miezi hiyo mitatu bado haijaisha. Habari nilizonazo ni kwamba jembe la bibi lilitoka mara ya pili, la kwanza lilipinda. Mjukuu bado anazungumzia Mwanza, ila asubuhi yeye ndiye anayewasha moto.

WENZETU WANAOKOTA, SISI TUNAUZA

Kama bado unaona nakuza mambo, sikiliza hii. Kule Uingereza kuna shirika linaitwa Tools for Self Reliance, lilianzishwa mwaka 1979. Kazi yake ni kukusanya zana za mkono zilizotupwa. Watu wa kujitolea wanazisugua kutu, wanazinoa, wanazitia mipini, kisha zinafungwa kwenye masanduku na kusafirishwa Afrika, Tanzania ikiwamo. Yaani Mzungu anaokota nyundo kuukuu gereji kwa marehemu babu yake, anaivusha bahari ili kijana wa huku apate kazi. Wakati huohuo sisi tunaitoa nyundo ya babu yetu Ngara na kuipeleka ikayeyushwe. Meli zikipishana, nadhani zinachekana.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kuanza, au mwenye vyuma vya urithi nyuma ya nyumba, chukua haya machache. Kabla hujauza, tafuta fundi yeyote aje avigonge akuambie kipi ni zana na kipi ni skrepa kweli. Zana inakodishwa, chakavu haikodishwi. Ukinunua, andikishianeni mbele ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, jina la muuzaji na orodha ya vitu. Hasa kipande cha reli, chuma cha daraja au nguzo ya alama ya barabarani. Hiyo ni mali ya umma, na ukikutwa nayo bila maelezo utafulia nguo mahabusu badala ya kufua chuma.

Na moto nao una adabu zake. Shokapu ya gari usiitie kwenye mkaa ikiwa nzima, imefungwa ndani na ikipata joto inaweza kulipuka. Bomba na bati lenye rangi ya fedha, lile lililopakwa zinki, usilichome, maana ule moshi wake mweupe ni sumu ya mapafu. Viatu vya wazi, suruali ya nailoni na mbwembwe za kupiga picha ukiwa umevua shati, hayo waachie wanamuziki.

Wajanja wa mjini tumezoea kudhani mtaji ni lazima uwe noti. Wakati mwingine mtaji una kutu, una uzito wa kilo arobaini, na umekaliwa na kuku nyuma ya jiko la bibi. Ukienda kwenu likizo hii, kabla hujaulizia parachichi na senene, zunguka nyuma ya nyumba ukatazame. Chukua gololi mfukoni. Ikiruka, tafadhali usiite mzani.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!